Kopo Namba Hamsini na Mbili

Jentrix Nasambu hakuwa mtu wa kupewa kitu cha bure akashukuru. Alikuwa mtu wa kukipindua kwanza, akitazame chini, akinuse, kisha aulize kimetoka wapi na kinataka nini kwake. Plot nzima ya vyumba vya kupanga pale Mashimoni, Kibera, ilimjua hivyo. Watu wa kanisa wakigawa blanketi, yeye aliuliza ni nani alifia ndani yake. Mwenye plot akimsalimia kwa tabasamu, alirudi haraka kuangalia kama kufuli yake iko mlangoni.

Basi ule mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini na sita, walipokuja watu wa mradi katika shule ya kanisa kule Sarang'ombe, na makatoni yao na mizani yao ya kupimia watoto, Jentrix alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani, amenuna kabla hata mtu hajafungua mdomo.

Aliyefungua mdomo alikuwa Daktari Muia. Kijana mrefu, koti jeupe limepigwa pasi likasimama, na maneno ya kuchekesha watu hayakumwishia. Alieleza kwamba kuna dawa mpya, kidonge kimoja kila asubuhi, inayousaidia ubongo wa mtoto kushika mambo. Mtoto alichosoma jana, leo bado anacho. Mradi ulitaka watoto sitini wa darasa la tatu na la nne. Wangemeza vidonge miezi sita, kisha wapimwe tena. Bure. Mzazi atie sahihi tu, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba.

"Yaani mtoto anakuwa mwerevu kushinda vile Mungu alimuumba?" mzee mmoja aliuliza.

"Mzee, hiyo miwani yako si inakufanya uone kushinda vile uliachiwa na Mungu?" Muia akamjibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Jentrix hakucheka. Aliinua mkono.

"Daktari, hiyo ofisi yenu iko wapi?"

"Kawangware, mama. Upande wa Kongo, pale stejini."

"Na hapo Kawangware, mtu akivuka barabara si anajipata Lavington?"

"Ni hapo tu, mama."

"Sasa kama hii dawa ni tamu hivi, mbona hamkuvuka barabara mkapatia watoto wa Lavington? Mmewaruka kwani wao hawataki akili?"

Watu waligeuza shingo kumtazama. Muia alikohoa kidogo, akasema watoto wa Lavington wana vitabu na mayai na walimu wa kuwafuata nyumbani, na mradi unataka kuwashika mkono wale wasio na kitu. Lilikuwa jibu zuri. Kila mtu lilimwingia isipokuwa Jentrix, ambaye aliona wazi kwamba limepikwa nyumbani likaletwa limefunikwa.

Lakini alitia sahihi. Ndiyo, yeye huyo huyo. Alipanga foleni pamoja na wengine, akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine, chini ya karatasi ndefu ya Kizungu ambayo hakuna aliyemsomea.

Alitia sahihi kwa sababu ya Valary. Binti yake huyo wa pekee alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa anarudia darasa la tatu. Si kwamba alikuwa zuzu, hata kidogo! Valary alijua kuiga sauti ya kila mtu katika plot, kuanzia mzee wa chang'aa mpaka jogoo wa mwenye plot, na akiiga ungeapa mwenyewe yuko ndani ya nyumba. Ila umwekee kitabu mbele yake, macho yanajaa maji, herufi zinamkimbia. Mwalimu alikuwa amemwita Jentrix mwisho wa mwaka akamwambia bila kuzunguka: mtoto akishindwa tena, shule haitamweka, afadhali akafundishwe kusuka nywele.

Na Jentrix mwenyewe aliachia hapo hapo, darasa la tatu, kule Webuye. Namba alizijua, jina lake alilijua, basi. Barua ikija alikuwa anasomewa na watu, na wakati wanasoma yeye anawakodolea macho mdomoni, aone kama kuna mahali wanaruka. Alichoka kuishi hivyo. Hakutaka Valary naye azeeke akitegemea midomo ya watu.

Mwingine aliyetia sahihi siku hiyo alikuwa Filister, Mama Chris, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Filister aliuza mgongo wazi, yale mafupa ya samaki wa mbuta yanayobaki viwandani nyama ikishakatwa, na kuyapata ilimbidi awe soko la Gikomba kabla jua halijatoka. Kwa hiyo kwa miaka minne mpango wao ulikuwa mmoja. Asubuhi Jentrix, aliyepika mandazi na uji hapo hapo mlangoni pake, ndiye alimwamsha Chris, akamnywesha uji na kumsukuma shuleni pamoja na Valary. Jioni Filister aliwakaangia wote wawili samaki. Kikombe cha Chris, cha bati, cha kijani, kilining'inia kwenye msumari nyumbani kwa Jentrix, wala hakuna aliyekumbuka kililetwa lini.

Kila mtoto alipewa kopo la plastiki lenye namba. Valary arobaini na saba, Chris hamsini na mbili. Filister hakuliingiza lake hata nyumbani.

"Mama Valary, hii ya Chris kaa nayo. Ukipatia wako, patia na wangu."

"Na wewe hata hutaki kujua ni nini iko ndani?"

"Yawa! Si daktari amesema?" Filister alicheka kile kicheko chake cha kuanzia tumboni. "Wewe Mama Valary, wewe unashuku hata uji wako mwenyewe!"

Jioni ile ile Valary aliyaiga maneno hayo, na kicheko ndani yake, mpaka Filister akatoka nje kuangalia ni nani anajiita yeye.

Mwezi ukaisha, hakuna kilichobadilika. Kila asubuhi vidonge viwili vyeupe, vinavyofanana kama mayai ya kuku mmoja, kimoja kwa Valary, kimoja kwa Chris. Valary bado alisoma neno "mama" akitoa jasho.

Makopo mapya yalichukuliwa ofisini Kawangware kila mwezi, na Jentrix ndiye aliyekwenda kwa niaba ya wote wawili. Hapo Kongo alimkuta Mideva. Zamani walikuwa wote kwaya moja Kibera, na sasa Mideva alikuwa anafagia ofisi ya mradi. Walikaa kwenye kibaraza nyuma ya ofisi, Mideva akaangalia huku na huku.

"Jentrix, nikuambie kitu, lakini isitoke kwa hiyo mdomo yako."

"Mimi nimewahi kutoa nini?"

"Si watoto wote wanapewa dawa. Nusu wanapewa dawa. Nusu wanapewa kitu inafanana na dawa tu. Chokaa na sukari, sijui. Ati ndio wakilinganisha wajue kama dawa inafanya kazi. Hata Muia mwenyewe hajui nani ni nani, orodha imefungiwa kwa kabati ya chuma mpaka mwisho."

Jentrix alihisi masikio yanamwaka moto. "Kwa hivyo kuna mtoto anaamshwa kila siku kumeza uongo?"

"Waliandika. Si iko kwa ile karatasi mlitia sahihi?"

"Ile ya Kizungu?"

Mideva aliinua mabega. Naye alikuwa mfagiaji tu.

Jentrix alirudi Kibera kwa miguu, na njia nzima alikuwa anawatukana. Alijua! Siku ya kwanza alijua! Lakini hasira ilipopungua kidogo karibu na reli, swali likabaki peke yake: katika hao wawili, wake na wa Filister, ni nani anameza chokaa?

Alipofika alifunga mlango mchana kweupe, akafungua makopo yote mawili, akatoa kidonge hapa na kidonge pale, akalamba. Cha arobaini na saba kilikuwa na utamu wa mbali, kama chaki iliyopakwa sukari. Cha hamsini na mbili kilikuwa kichungu mpaka kikamfunga koo, uchungu wa mwarobaini. Na kwao, tangu nyanya yake, dawa ni ile inayokukunja uso. Hakuhitaji orodha ya kabatini.

Alikaa kitandani na makopo mapajani. Angeweza kumngoja Filister amwambie, wakasirike pamoja. Angeweza kuvichanganya vyote akawa anagawa, leo huyu kichungu, kesho huyu, kama walivyogawana kila kitu katika plot ile, kuanzia chumvi hadi makaa. Wazo hilo lilimjia kabisa, tena likakaa. Kisha akafikiria: nusu ya dawa si itampa nusu ya akili? Na Chris ana haja gani? Chris alikuwa wa kumi na tatu katika watoto hamsini, anasoma, hakuna mwalimu anayemtishia mama yake. Kwa Chris dawa ilikuwa ya kuongezea. Kwa Valary ilikuwa ya kuokoa.

Ndivyo alivyojiambia. Akamwaga vidonge vya hamsini na mbili kwenye sahani moja na vya arobaini na saba kwenye nyingine, akavirudisha makoponi kinyume. Asubuhi Chris alikuja akipangusa macho, akafungua mdomo kama kifaranga, na Jentrix akamwekea chokaa ulimini.

"Asante, mama," Chris alisema. Alikuwa anamwita mama tu, kama Valary.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jentrix alikuwa anafungia mteja mandazi kwa gazeti kuukuu. Valary alikuwa amechutama kando anasubiri uji. Akasema, "Watu wawili wajeruhiwa."

"Nani amekuambia?"

"Imeandikwa." Alionyesha gazeti kwa kidole. "Watu wawili wajeruhiwa. Na hapa, bei ya mahindi."

Mama wee! Jentrix alimnyang'anya mteja mandazi yake, akampa kwa mkono bila karatasi, akamsukumia Valary lile gazeti. "Soma tena." Mtoto akasoma. Alikwama, akarudi, akasonga mbele, lakini alisoma, na mafuta yakaungua kwenye karai bila mtu kuyaangalia. Jentrix alilia waziwazi mbele ya wateja wake.

Hapo angepaswa kutulia, lakini hakuumbwa na utulivu. Matokeo ya mtihani wa kati yalipotoka, Valary alikuwa ametoka mkiani akawa wa ishirini na moja. Na Chris? Chris alikuwa wa tatu.

Wa tatu! Kwa chokaa? Filister alicheza ohangla, ngoma ya Wajaluo wenzake, mlangoni akiwa na magamba ya samaki mkononi, na Jentrix akapiga makofi huku moyo unamwenda kombo. Akaanza kumchunguza jirani yake. Je, Filister naye alilamba? Amerudisha vidonge akiwa yeye amekwenda kuteka maji? Au ni yule Muia, mjanja, amejua watu wa Kibera wataonja, akatia uchungu kwenye chokaa na utamu kwenye dawa? Alitega uzi mwembamba kwenye kifuniko cha kopo la Chris, aone kama kuna mkono unaingia. Uzi haukuguswa. Jioni akasikiliza ukutani, na alichosikia ni Filister, mchovu kwa kuuza samaki kutwa, anamwambia mtoto wake, "Soma tena hiyo. Sasa uko na dawa, huwezi kusema hujui." Kila jioni, saa nzima. Tangu dawa ije Filister alikuwa ameamini, na kwa kuamini alikuwa anakaa naye.

Jentrix alisikia hayo, akageuza uso upande mwingine. Mwezi uliofuata alikwenda Kawangware tena, akalamba tena, akabadilisha tena. Na mwezi mwingine tena.

Mwezi wa tano Murunga, mumewe, alirudi kwa siku chache kutoka Naivasha alikokuwa anachonga mawe. Alikaa na Valary jioni moja tu akauliza, "Huyu mtoto mbona hachekeshi tena?"

"Anasoma."

"Naona anasoma. Nimeuliza mbona hachekeshi. Hata kumwiga jogoo amekataa. Na mikono inatetemeka, umeona? Analala saa ngapi?"

"Anakua," Jentrix akasema. "Wasichana wakikua wanakuwa hivyo."

Lakini alikuwa ameona. Aliona kifua cha mtoto kinavyorukaruka chini ya shati la shule hata akiwa amekaa. Aliona anavyogeukageuka kitandani mpaka jogoo anawika, mifupa ya mabega imechomoza, uji anausukuma kando. Aliona wiki ya kwanza, akaona wiki ya pili na ya tatu, na kila asubuhi alifungua kopo. Mtoto alikuwa anasoma! Angeacha sasa, na mwisho wa mwaka ndio ule unakuja? Yeye aliyeshuku blanketi za kanisa alikishika kidonge kile kichungu na kukiambia moyoni, fanya kazi yako.

Mwezi wa sita, Jumatatu, mwalimu aliwapa watoto barua za mradi wapeleke nyumbani. Safari hii zilikuwa za Kiswahili. Jentrix alikuwa anakanda unga.

"Nisomee," alimwambia Valary, na kwa mara ya kwanza maishani hakumtazama msomaji mdomoni.

Valary alishika karatasi kwa mikono miwili, na bado ilitetemeka. "Kwa wazazi. Tumesimamisha dawa. Msiwape watoto tena kuanzia leo. Mahali pengine baadhi ya watoto wameugua. Dalili ni kukosa usingizi, kukonda, kutetemeka mikono, na moyo kwenda mbio." Akaitazama mikono yake. "Mama, kama mimi."

"Endelea."

"Ikiachwa bila matibabu, moyo unaweza kudhurika. Tumefungua orodha. Watoto waliopewa dawa yenyewe watapelekwa hospitali Jumatano, gari litakuja shuleni. Wale wengine hawana shida, vidonge vyao havikuwa na dawa. Watakaokwenda ni namba tatu, namba tano, namba nane..." Alizisoma zote, kidole kikifuata mstari. "Arobaini na sita. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili." Akainua macho. "Yangu haiko, mama. Chris iko. Sasa mbona ni mimi mgonjwa?"

Jentrix alikuwa na unga mpaka viwikoni. Akaendelea kukanda. Na upande wa pili wa ukuta, ambako Chris alikuwa anamsomea mama yake barua hiyo hiyo, Filister alipiga yowe.

Siku mbili zile zilikuwa mbaya. Filister hakwenda Gikomba. Alikaa mlangoni na Chris mapajani, jitu zima la miaka kumi, anaweka sikio kifuani kwake kila baada ya dakika mbili. "Inaenda mbio, Mama Valary? Wewe sikiliza. Aki sikiliza." Jentrix alisikiliza. Moyo wa Chris ulikuwa unapiga polepole, imara. "Iko sawa," alisema. "Unaniambia hivyo ndio nisilie," Filister akajibu, akalia.

Neno moja lingemnyamazisha. Jentrix alikuwa nalo mdomoni tangu Jumatatu na hakulitoa. Alikuwa bado anatafuta mlango mwingine wa kupitia, na Jumatano asubuhi, gari jeupe lilipoegesha mbele ya shule, alifika wa kwanza na Valary mkononi. Muia alikuwa amesimama na orodha. Hakuwa na vichekesho siku hiyo.

"Daktari, huyu wangu naye ni mgonjwa. Mshike hapa uone."

Muia aliangalia karatasi. "Arobaini na saba. Mama, huyu hakupewa dawa. Amekonda, nimeona, lakini hiyo inaweza kuwa minyoo. Mpeleke kliniki."

"Labda mlikosea huko ofisini. Labda mliandika makopo vibaya."

"Hatukukosea. Kila kidonge kilihesabiwa."

"Na kama vilichanganyika?"

Muia aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Sasa ni yeye aliyekuwa anamtazama mtu mdomoni. "Vichanganyike wapi, mama? Na nani?"

Wazazi wengine walikuwa wamefika, watoto wao wakapanda gari. Filister alikuwa nyuma yake, kitambaa kimemponyoka kichwani, Chris mkononi. Alimshika Jentrix bega.

"Mama Valary, twende na wewe. Nitazimia mimi. Wewe ndiye ulikuwa unampatia hiyo kitu kila asubuhi, wewe unajua vile alikuwa anakaa, utaelezea daktari. Wewe pia ni mama yake."

Mkono wa Valary ndani ya mkono wa Jentrix ulikuwa unatetemeka bila kukoma, kama kifaranga aliyenyeshewa. Kiti kimoja tu kilikuwa kimebaki garini, na kilikuwa cha namba hamsini na mbili.

"Filister," Jentrix alisema. Kwa miaka minne hakuwahi kumwita kwa jina. "Chris hajameza dawa. Alimeza mwezi wa kwanza tu. Nililamba makopo, nikajua ya kwako ndiyo dawa. Nikabadilisha. Kila mwezi nimebadilisha. Dawa ya Chris amekula Valary."

Filister alisikia nusu ya kwanza tu. Uso wake ulifunguka wote. "Chris hajameza? Hana kitu? Nyasaye! Mtoto wangu ni mzima!" Alimkumbatia Jentrix kwa nguvu, akamtikisa, analia na kucheka, na Jentrix alisimama kama mti ndani ya mikono ile, anangoja. Akaihisi inalegea, kidole kimoja kimoja.

"Ngoja," Filister alisema. "Ulibadilisha ukidhani hiyo ya Chris ndiyo nzuri."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamfungua mdomo mtoto wangu kila asubuhi, unajua."

"Ndiyo."

"Na hizi siku mbili. Nimekuwekea kifua chake kwa sikio. Na unajua."

Filister hakumpiga, na wengi waliokuwepo walidhani angempiga. Alimshika Valary kidevu, akamtazama macho yaliyozama, akamfunga kitufe cha sweta kilichokuwa wazi. Kisha akamwambia Muia, "Huyu ndiye wa hicho kiti," akamvuta Chris, akaenda zake.

Muia alikata namba kwenye orodha, kalamu ikatoboa karatasi. "Unajua umetuharibia nini?"

"Andika jina la mtoto," Jentrix alisema. "Mengine utanitukana ndani ya gari."

Valary alilazwa wiki mbili. Mbio za moyo zikashuka, usingizi ukarudi, mwili ukaanza kushika. Herufi hazikuondoka zote, alisoma bado, lakini polepole, kidole chini ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Daktari wa hospitali alisema wamebahatika kumleta mapema.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Jentrix aliwasha jiko kama kawaida, akaweka uji. Msumari ukutani ulikuwa mtupu. Filister alikuja kuchukua kikombe cha kijani siku ile ile ya gari, na majirani walisema alikiosha kwanza hapo nje kabla ya kukiingiza kwake. Upande wa pili wa ukuta alikuwa anamwamsha Chris mwenyewe. Jua lilikuwa limeshatoka, na huko Gikomba samaki wazuri walikuwa wameisha.

Valary aliketi kitandani, akanyoosha mikono mbele yake, akaitazama kama imetulia. Kisha akatazama mama yake anavyochungulia ndani ya sufuria, akacheka, kicheko kikubwa, cha kuanzia tumboni, ambacho hakikuwa chake.

"Wewe Mama Valary, wewe unashuku hata uji wako mwenyewe!"

Ilikuwa sauti yenyewe, kila kitu, mpaka pumzi ya mwisho. Mtoto alikuwa amepona. Ng'ambo ya ukuta kijiko kilichokuwa kinakoroga kikasimama. Jentrix alisubiri, mwiko juu, hapumui, akiomba Mungu kicheko chenyewe kijibu.

Kijiko kikaanza tena kukoroga. Mlango wa pili ukafunguliwa, Chris akapita mbio kwenda shule, na baada yake Filister akapita na beseni lake bila kugeuza kichwa. Jentrix akamimina uji kwenye kikombe kimoja, uliobaki akaufunika.